Mwalimu wa Springi

Kaa vizuri, ndugu yangu unayenisikiliza. Na kama huna pa kukaa, simama, lakini simama kwa miguu yote miwili, usiegemee upande mmoja kama mtu anayesubiri zamu kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nataka nikueleze habari za mwanamke mmoja aliyewafundisha watu wa Kyela kusimama. Nitakwenda polepole, kwa sababu mimi pia ni mwalimu na nimezoea kurudia. Ila nianze na jambo moja, usije ukaniamini kupita kiasi: mwanamke huyu nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza, na kipande cha wivu huo ninacho mpaka leo.

Tulimwita Mwalimu wa Springi. Jina lake lipo, tena zuri, lakini ukilitaja mjini utaulizwa "nani?" Ukisema Mwalimu wa Springi, mwenye bajaji yeyote anakushusha mlangoni.

Miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya mji mkubwa, akiwafundisha wagonjwa kuvitumia tena viungo vyao. Aliporudi Kyela alichukua stoo iliyo nyuma ya duka la ndugu zake, stoo iliyowahi kulala magunia ya kakao, akaifagia akaifanya darasa. Harufu ya kakao haikutoka kamwe. Wanafunzi wake walikuwa wakirudi nyumbani wananukia kama msimu wa mavuno.

Ndani kulikuwa na vitu vitatu tu. Cha kwanza ni ubao mrefu uliopigiliwa ukutani, wenye springi zilizoning'inia kwenye kulabu, na kila springi ina kishikio mwishoni. Cha pili ni ubao wa kuteleza. Hebu nikueleze vizuri hiki, maana ndicho chenye kisa. Kuna jukwaa dogo lililotulia, na kando yake ubao wenye magurudumu unaokwenda na kurudi juu ya reli mbili za chuma. Chini yake umefungwa springi. Unaweka mguu mmoja kwenye jukwaa, mwingine kwenye ubao, unausukuma ubao nje polepole, kisha unauacha urudi polepole zaidi. Kusukuma kila mtu anaweza. Ni kule kurudi, springi inapokuvuta na wewe hutaki kuvutwa, ndiko mwili unakojifunza. Cha tatu ni kipande cha gogo lililopasuliwa, ubapa juu, mgongo chini, kinachoyumba ukikikanyaga.

Mazoezi yenyewe yanaitwa pilatesi. Mwanzoni watani walisimama nje ya duka wakiuliza, "Mama, leo tena kwa Pilato? Angalia usirudi umesulubiwa!" Wengi wanaoyajua mazoezi hayo huyajua yale ya kulala kwenye mkeka. Ya kwake yalikuwa ya kusimama. Alisema hajawahi kumwona mtu akianguka akiwa amelala.

Springi zenyewe zina historia. Za kwanza alizitoa kwenye shokapu za pikipiki, na zilikuwa ngumu hata shemasi mmoja mnene, alipozivuta, alijivuta yeye akabusu ukuta. Za pili zilitoka kwenye vitanda vya zamani, zikalegea kama uji. Mwishowe alikaa wiki nzima na fundi wa kuchomelea, wakisokota waya, kisha kila springi wakaining'inizia debe la mpunga na kuchora kwa chaki mahali ilipofika. Ngumu wakazipaka nyekundu, za kati kijani, nyepesi njano. Mimi, niliyefundisha michezo katika shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa nikiwa na mpira mmoja uliotobolewa na mwiba, niliitazama ile rangi nikajiuliza: Kwa nini mimi sikuwahi kufikiria debe la mpunga?

Nilijiunga na darasa la wanawake la Jumanne. Nilijiambia naenda kujifunza. Kweli nilijifunza, lakini nilikwenda pia kutafuta kasoro.

Kasoro zilikuwepo. Alitukataza sukari naye akaweka vijiko vinne kwenye chai. Alitwambia tusikimbilie mambo, na yeye hakuwahi kumaliza kula akiwa amekaa. Hakujua kubeba ndoo kichwani. Mwanamke mzima, mzaliwa wa Kyela, alibeba maji kwa mkono kama mgeni. Na hakusifu. Ungesimama kwa mguu mmoja juu ya gogo mpaka jasho likuingie machoni, naye angesema neno moja tu: "Tena." Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa sifa yake kubwa. Aliyefanya vibaya hakuambiwa "tena." Aliambiwa, "Pumzika, bibie."

Kidole chake ndicho kilichonitesa zaidi. Mimi uwanjani napiga filimbi, napaza sauti, nakamata watoto mabega nawageuza. Yeye alikuwa akipita nyuma yako na kugusa mgongo kwa kidole kimoja, chini kidogo ya ukosi wa nguo, na mwili mzima unajipanga wenyewe. "Usishike," alikuwa akisema kwa wale wanaong'ang'ania vishikio. "Gusa. Ukishika umeshamkabidhi mwingine kazi yako." Na tena: "Springi haikusaidii, inakuuliza. Jibu." Nilikwenda shuleni nikajaribu kidole hicho kwa watoto wa darasa la tano. Walicheka, wakasema mwalimu anawatekenya.

Siku moja nilidhani nimepata cha kunifariji. Aliniomba nimpeleke kijijini Ikolo, aone mahali wanafunzi wake wanapotembea. Ilikuwa msimu wa kupandikiza, majaruba yamejaa maji, na kingo zake, zile njia za udongo kati ya jaruba na jaruba, zimelainika kama sabuni. Hakutaka kuvua viatu. Hatua ya sita aliteleza, akaketi kwenye tope mpaka kiunoni, na wanawake waliokuwa wameinama wakipandikiza waliinuka wote kwa pamoja.

"Gwe Mwalimu! Springi umeziacha mjini?"

"Simama basi, si ndiyo kazi yako!"

Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikajishuku. Naye alicheka pia, akavua viatu, akamwomba mama mmoja mwenye mzigo wa miche kichwani atangulie, akamfuata nyuma akitazama nyayo zake. Alimfuata hivyo mpaka jua likageuka. Jumanne iliyofuata tulikuta ubao mwembamba umelazwa sakafuni, nasi tukafundishwa kuutembea, vidole vikitangulia kupapasa, kisigino kikifuata. "Hili nimefundishwa Ikolo," alisema, bila haya. Unaona? Hata kuanguka kwake kulizaa. Mimi nilizaliwa kwenye kingo hizo na sikuwa nimewahi kuona kwamba tunachofanya pale ni kitu cha kufundishwa.

Sasa nifike kwa baba mkwe wangu, maana bila yeye wivu wangu ungebaki wa kawaida tu, wa mwalimu kwa mwalimu.

Huenda kwenu mambo ni mengine, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani hupinda, hujifunika, hugeuka. Hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitamki. Naye baba mkwe anafanya hivyohivyo kwa upande wake. Si uadui, ni heshima, na nzito. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini. Mzee wetu hakulegeza, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kumlegezea. Tumeishi naye boma moja kule Busale miaka mingi, nikampikia kila siku, na sura yake naijua kwa picha ya harusi.

Mzee alianguka mara ya kwanza kwenye ngazi za kanisa. Mara ya pili alianguka kutoka kwenye ukingo wa jaruba lake mwenyewe, akabaki majini mpaka wapita njia wakamtoa. Wanawe walikaa wakakubaliana: akianguka mara ya tatu, shamba litalimwa na mdogo wao, na mzee atakaa nyumbani. Walisema kwa upole. Lakini mzee aliyeondolewa kwenye mpunga wake ni mzee aliyeanza kuagwa, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Mimi nilijua la kufanya. Ndiyo kazi yangu. Lakini ningemfundishaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Niliandika mazoezi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikampa mume wangu amsomee. Nikiwa jikoni nilisikia jibu kupitia ukuta.

"Mwambie huyo aliyeandika, mimi shule nilimaliza."

Basi mume wangu akampakia kwenye pikipiki akampeleka mjini, kwa Mwalimu wa Springi, darasa la wazee la Alhamisi. Alimshusha mlangoni akaenda zake. Na jioni ile, nikigeuza ugali, nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeizoea. Mzee alikuwa anacheka.

"Yule binti ana kidole kimoja tu," alikuwa akimwambia mwanawe, "lakini kinakushika kuliko mikono kumi. Ananiambia, pumzika, bibie! Mimi! Nikamwambia mimi si bibie. Akasema, basi simama kama mzee."

Akacheka tena. Miaka yote ile nampikia, na kicheko chake kimekwenda kuchukuliwa nyuma ya duka na mtu asiyemjua hata wiki.

Kila Alhamisi ikawa hivyo. Mwalimu kasema hili, Mwalimu kasema lile. Naye Mwalimu, kila Jumanne, alinisimulia habari za mzee mmoja wa Busale anayejibu springi kama kijana. Hakujua kwamba ni baba mkwe wangu. Alimtaja kwa jina, na mimi jina hilo siwezi kulitamka, kwa hiyo ilikuwa rahisi kunyamaza. Nikawa naitikia, "Eeh, wazee wengine wana nguvu." Usiniulize kwa nini sikumwambia hata kwa kuzunguka. Nadhani nilitaka pabaki kitu kimoja kuhusu mzee huyo ambacho mimi nakijua na yeye hakijui.

Likizo ya Desemba, Mwalimu aliniomba nimsaidie Alhamisi moja. Wazee walikuwa wanane, yeye ana mikono miwili.

"Wote watakuja?" nikauliza.

"Wote, isipokuwa yule wa Busale. Mwanawe kapiga simu, pikipiki mbovu."

Nikaenda. Sikuwa nakwenda kusaidia tu. Nilitaka kusimama mahali anaposimama mzee, niguse springi anazogusa, nione ni nini alichopewa mle ndani ambacho karatasi yangu ilishindwa kumpa. Nilifika mapema, nikaingia chumba cha pembeni kupanga mikeka. Niliporudi darasani na mikeka kifuani, nikawasalimia kwa sauti, "Mugonile, mwe wazee!"

Yeye, mzee wa Busale, alikuwa juu ya ubao wa kuteleza. Alikuwa amepata bajaji.

Mguu mmoja kwenye jukwaa, mwingine umesukuma ubao mpaka mwisho, vishikio viwili vya springi za ukutani mikononi. Aliisikia sauti yangu akainua macho, tukaonana. Akafanya kile ambacho baba mkwe mwenye heshima angefanya: aliachia vishikio vyote viwili, akaficha uso kwa mikono, akageuka. Mimi nami nilifanya kilichonipasa. Nilidondosha mikeka, nikajitanda khanga usoni, nikarudi kinyumenyume mpaka dukani. Hakuna kati yetu aliyefikiri. Ubao ulirudi kwa kishindo, na mimi niliyekuwa karibu naye kuliko watu wote, hatua mbili tu, sikunyoosha mkono.

Nilisikia kishindo cha pili nikiwa dukani, kati ya katoni za sabuni, uso umefunikwa.

"Kuna nini humu?" ilikuwa sauti ya Mwalimu, ikitoka chini sakafuni. "Nani kaona nyoka?"

"Si nyoka," mzee mmoja akajibu. "Huyo aliyeingia ni mkamwana wake."

Mwalimu akasema, "La haula. Mzee, umeumia?"

"Nimeangukia kitu laini," baba mkwe akasema.

"Umeniangukia mimi."

Hakuumia hata kucha, na kwa kuwa hakugusa sakafu, wanawe hawakulihesabu anguko hilo. Mwalimu alikuwa amejirusha chini yake, na mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Wakati wanampeleka hospitali nilibaki palepale na khanga yangu, nikiona aibu, kweli, lakini chini ya aibu lile jambo langu lilikuwa bado linapumua: hata kuvunjika mkono kwa ajili ya mzee, yeye ndiye aliyepata nafasi.

Alinitumia ujumbe siku ya nne. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mkono una hogo jeupe la plasta.

"Mwalimu mwenzangu," alisema, "mwaka mzima unanisikiliza namsifu mkweo, unanyamaza?"

"Jina lake sitamki."

"Jina hutamki, sawa. Na neno 'mkwe' nalo limekatazwa?"

Nilimpa ukweli. Nilimwambia kuhusu karatasi, na kicheko, na debe la mpunga, na kwamba kule Ikolo nilicheka kwa moyo mbaya. Alisikiliza huku akijikuna chini ya hogo kwa kijiti cha mshikaki.

"Nilijua ulicheka vibaya," akasema. "Sasa sikia. Mimi sifundishi mpaka hili litoke. Mzee akikaa wiki sita bila kusimama, kazi yote imemwagika. Alhamisi utafundisha wewe."

"Haiwezekani. Umeona mwenyewe."

"Nimeona mmekosa pazia."

Alifunga kamba toka ukuta hadi ukuta akisaidiwa na mwenye duka, wakatundika khanga mbili. Wazee upande mmoja na springi zao, mimi upande wa pili na sauti yangu. Mume wangu alikwenda kumwuliza baba yake kama ni halali. Mzee alifikiri siku nzima, kisha akasema sauti haina uso.

Alhamisi ya kwanza sikuwa na filimbi, sikuwa na kidole. Nilichokiona ni nafasi ya shibiri moja chini ya pindo la khanga, na katika nafasi hiyo, miguu kumi na sita. Miguu yake niliijua mara moja. Ndiyo miguu ya mume wangu, ila imezeeka. Nikaanza kueleza. Kueleza najua. Nilimwambia kila mtu auhisi uzito umekaa wapi, kwenye kisigino au chini ya kidole gumba. Niliona vidole vyake vikikunjuka, kimoja kimoja, vikishika ubao. Nikamwambia asukume, arudi, arudi polepole kuliko hivyo. Magurudumu yalilia kwa upole. Nikakoma.

Kisha mzee akamwambia jirani yake, maana kwangu hawezi kusema moja kwa moja, "Mwambie Mwalimu aseme tena."

Mwalimu alikuwa amekaa mwisho wa khanga, mahali anapoona pande zote mbili. Nilimtazama nikidhani ni yeye anayeitwa. Alininyooshea kidole, kile kile, cha mkono wa kushoto sasa.

Usidhani wivu uliisha hapo. Mzee alipokuwa akitoka alimpa Mwalimu mkono akamshukuru, "ndaga fijo, binti yangu," na mimi nikawa nakunja khanga zangu. Lakini nilifundisha wiki sita hizo, na nyingine sita, na hogo lilipotoka aliniambia Alhamisi ni yangu.

Mavuno yalifika. Asubuhi moja nilikuwa na wenzangu tunavuna pembeni mwa jaruba la mzee, mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Anakuja." Niliinama, nikajitanda, nikageuza mgongo kama inavyopasa. Mdogo wa mume wangu alikuwa amesimama mwisho wa shamba, mikono kiunoni, akitazama. Nilisikia nyayo juu ya ukingo. Sikusikia fimbo. Nyayo zilikuja sawasawa, kidole kikipapasa, kisigino kikifuata, zikapita mgongoni kwangu, zikaenda. Niliposikia anamwambia mwanawe, "Niletee mundu," nilijua shamba limebaki lake.

Habari hiyo niliikalia siku mbili. Nilitaka iwe yangu kwanza. Siku ya tatu nilikwenda mjini, nikamkuta Mwalimu darasani peke yake, anapaka springi rangi upya kwa mkono ambao kifundo chake kimepona kikiwa kimepinda kidogo. Nilimweleza yote. Nilidhani atalia, au angalau ataketi.

"Alipofika mwisho wa ukingo," aliuliza, "aligeuka vipi?"

"Sijui. Nilimpa mgongo."

"Basi hujajua kama anaweza. Kwenda mbele si kazi. Watu huangukia kwenye kugeuka." Akaweka brashi chini. "Wewe mwenyewe unageukaje? Hebu."

Niligeuka. Akatikisa kichwa.

"Pumzika, bibie."

Nilikasirika, kisha nikarudi kusimama kando ya meza aliyoazima dukani ya kuwekea rangi, akanifundisha kugeuka kama mtu asiyejua lolote. Alhamisi iliyofuata niliwafundisha wazee wangu kupitia khanga, na sasa nakufundisha wewe. Simama kando ya meza nzito isiyosogea, bila viatu. Gusa meza kwa vidole viwili, usiishike. Geuza macho kwanza, kisha kichwa, kisha kifua, na miguu iwe ya mwisho. Usiizungushe miguu wala kuipishanisha. Iinue kwa hatua fupi fupi, nne au tano, mpaka uwe umetazama ulikotoka. Tulia, pumua mara moja, halafu geukia upande wa pili.